Fundi Anselmo na Kisima cha Bi Zuena

Kabla kifusi cha Buguruni hakijamwangukia, Anselmo hakuweza kutembea Kiwalani bila kusimamishwa kila hatua. "Fundi, za kutwa?" "Fundi, lini unakuja kwangu?" Aliyetaka kisima alimtafuta yeye, awe wa Kiwalani au wa kule Temeke. Alizaliwa Newala, juu kwenye uwanda wa Wamakonde, ambako wanawake huteremka mabondeni kutafuta maji na kurudi jua limeshakuwa kali, na huenda ndiyo sababu maji yalimkaa kichwani tangu utoto. Angeinama kwenye kiwanja chako, akafikicha udongo kiganjani, akaunusa, kisha akakuambia: chimba hapa. Ulichimba, na maji ukayapata.

Kule Buguruni shimo lilimmeza hadi kifuani. Watu walimfukua kwa mikono tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akatoka na mguu wa kuchechemea na kitu kingine ambacho hakumwambia mtu. Tangu siku ile, akiwa shimoni, mchanga ukidondoka hata kidogo tu mikono ilimfa ganzi na pumzi ikamkwama kooni. Alianza kukataa kazi. Huyu alimwambia kiwanja chake kina mwamba, yule alimwambia angoje kiangazi. Nyumbani, mkewe Eufrazia alilima mihogo kwenye shamba la kuazima, akaichemsha na kuwauzia vibarua waliokuwa wakisawazisha uwanja mpya wa ndege. Watoto watatu walikula mihogo asubuhi na mihogo jioni. Mkubwa wao, Demetria, alikuwa na miaka saba, na alishajua kutouliza kwa nini.

Anselmo alikula mihogo hiyo huku ameinamisha uso. Haikuwa tamu kwake, kwa kuwa haikutoka mkononi mwake.

Mwaka ule wageni walimiminika Kiwalani kutafuta vyumba karibu na kazi ya uwanja. Bi Zuena, mjane wa Kizaramo aliyeachiwa nyumba kubwa na shamba la mikorosho, aliwapangisha wengi, naye akataka kisima. Alikuja mwenyewe kumwita.

"Fundi, kwangu huwezi kunikatalia. Marehemu mume wangu alikuwa akikusifu."

Anselmo alishindwa kukataa. Alikwenda na Kornelio, mdogo wake Eufrazia, kijana wa miaka ishirini na ushee aliyekuwa akiishi nao na kumvutia kamba. Walichimba vizuri mpaka pima tano. Walipoingia pima ya sita udongo ulibadilika, ukawa mchanga wenye unyevu, na ukuta mmoja ukaanza kumeguka taratibu, ukimwagika mabegani mwa Anselmo kama unga.

Alipanda juu kwa pupa, akikwaruza magoti. Kornelio alimshika mkono kumtoa, akauona mkono ule unavyotetemeka, akauona na uso. Alimpa maji ya kunywa, akageuka upande wa pili kana kwamba anakunja kamba.

Wapangaji na majirani walikuwa wamesimama wanangoja habari. Anselmo alivuta pumzi, akajikung'uta, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Hapa hapana maji. Chini ni chumvi tupu. Fukieni."

"Mbona udongo uliotoka ndoo ya mwisho una majimaji?" Bi Zuena aliuliza.

"Bi Zuena, mie ndiye fundi. Nikisema hapana, hapana. Mkiendelea kuchimba mtatokea Ulaya."

Watu walicheka, naye akacheka nao. Bi Zuena aliguna tu, akasema, "Haya, fundi." Lakini shimo hakulifukia. Alilifunika kwa mabati.

Siku kadhaa baadaye, wakiwa wanakula, Kornelio alianza kwa upole. "Shemeji, nimekuwa nikiliwaza lile shimo la Bi Zuena. Maji yako karibu. Tukipata mapipa, tukayakata matako, tukayashusha moja juu ya jingine, mchanga hautamwagika tena. Hutapata shida yoyote mle ndani."

Maneno ya mwisho ndiyo yaliyomchoma. Hutapata shida. Kumbe kijana anajua, na anamhurumia.

"Nani kakwambia mie napata shida?"

"Sikusema hivyo, shemeji."

"Umesema! Unakula chakula changu, unalala kwangu, halafu unanifundisha kazi niliyokufundisha mimi?"

Eufrazia alitaka kusema chakula kile kimetoka wapi. Aliifinya midomo, akaacha. Hata hivyo Anselmo aliyasoma maneno hayo machoni pake, na hilo likamzidishia hasira. Alisukuma sahani, akamwambia Kornelio atafute pa kulala.

Kornelio alihamia kwa Bi Zuena, kwenye banda la nyuma. Dereva mmoja wa uwanjani alimpa mapipa mabovu yaliyokuwa yametupwa. Aliyajaza makuti na vifuu akayachoma chini ya mikorosho, kando ya njia, mpaka yakawa mekundu na mabaki yote ya oili yakateketea. Anselmo alipita siku hiyo, akasimama kutazama ule moto.

"Unapika nini humo, shemeji? Pilau?"

"Nayasafisha, shemeji. Yasije yakaharibu maji."

"Maji yapi?" alisema Anselmo, akaenda zake akicheka peke yake.

Maji yalitoka kabla mwezi haujaandama, meupe na baridi. Vigelegele vilisikika mpaka nyumbani kwa Anselmo, ambako alikuwa anajifanya ananoa sururu. Bi Zuena alitangaza kwamba wapangaji na majirani wote watachota bure, na Kornelio alijaza ndoo ya kwanza akamtuma mtoto wa jirani aipeleke kwa dada yake.

Anselmo aliipokea mlangoni. Aliitazama. Aliweza kuiona hadi chini. Watoto walikuwa wamesogea na vikombe, Demetria mbele. Akaimwaga ndoo yote uani, mchanga ukayanywa maji.

"Maji yale ni ya chumvi," alisema. "Atakayeyanywa tutaonana."

Kwa hiyo Eufrazia akaendelea kwenda mto Msimbazi, mwendo mrefu, na maji yenyewe ya matope. Wenzake walimpita na ndoo za maji ya kwa Bi Zuena, wakitazama kando kwa kumwonea aibu.

Kilichofuata kilikuwa kidogo sana mtu akikisimulia, lakini kwa Anselmo hakikuwa kidogo. Bwana mmoja aliyevaa kofia alitoka Temeke kwa baiskeli, akamkuta barabarani, akamuuliza: "Samahani mzee, fundi wa visima anakaa wapi?" Anselmo alikuwa anafungua kinywa kujibu ndipo mwanamke mmoja aliyekuwa akichambua mchicha akadakia, "Fundi Kornelio? Pale kwenye mikorosho." Bwana akashukuru, akapanda baiskeli yake. Wala yule mama hakukusudia ubaya. Alisema jambo ambalo kila mtu alilijua.

Jioni ile Anselmo aliomba maji ya kunywa. Alipopeleka kikombe mdomoni alijua. Ulimi wake ulikuwa bado ulimi wa fundi. Aliweza kutofautisha maji ya Buguruni na ya Kipawa, ya bondeni na ya mchangani, na haya hayakuwa ya Msimbazi. Yalikuwa laini, hayana chumvi hata chembe, maji mazuri kuliko yote aliyowahi kuonja tangu aje mjini. Alikinywa kikombe chote. Hakuweza kuacha.

"Mama Demetria. Haya maji umeyatoa wapi?"

Eufrazia alikuwa amempakata mtoto mdogo. "Mtoto ana homa tangu juzi, baba Demetria. Nilichoka kumpa tope."

Anselmo hakupiga kelele, na hilo lilimtisha Eufrazia zaidi. Alikaa kizingitini akiwaza. Pale nyumbani kwake, chini ya paa alilolijenga mwenyewe, watoto wake walikuwa wanalelewa na maji ya kijana ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kushika jembe.

Nyuma ya choo alikuwa na debe la oili chafu aliyoipata uwanjani, ya kupaka nguzo zisiliwe na mchwa.

Siku mzee mmoja aliyekuwa akiuza kahawa pale mtaani alipofariki, Kiwalani yote ilikwenda mazikoni baada ya alasiri. Wanaume walifuata jeneza, wanawake walijaa nyumbani kwa marehemu. Anselmo aliwaambia watu mguu unamuuma, akabaki nyuma. Alipita katikati ya mihogo na debe begani. Kwa Bi Zuena palikuwa kimya, kuku tu wakiparua. Alifunua bati la kisima, akaona uso wake kule chini, mdogo, mweusi. Alijiambia kwamba ni kwa siku chache tu. Maji yataharibika, watu watamtafuta, naye atakuja kuyasafisha, na kila kitu kitarudi mahali pake. Hakuna atakayeumia.

Oili ilishuka polepole, nzito, bila sauti.

Asubuhi yake kelele zilianzia kwa wanawake. Ndoo zilitoka nyeusi na kamba ikawa inateleza. Bi Zuena alikuwa ameshika kichwa. Kornelio alikuwa amepiga magoti ukingoni, ameingiza mkono kwenye ndoo, anautazama kama si wake. Watu wakajaa, na Jumbe, kiongozi wa mtaa, naye akaja, mtu mfupi aliyependa mambo yaishe haraka.

Mtu mmoja akasema, "Muiteni fundi Anselmo. Yeye ndiye anayejua haya mambo."

Ulikuwa muda mrefu hajaitwa hivyo mbele ya watu. Walimpisha njia. Alichechemea hadi kisimani, akanusa kamba, akachungulia, akachukua muda wake. Jana hakuwa amepanga kusema lolote zaidi ya "nitayasafisha." Lakini macho yote yalikuwa kwake, na maneno yakaja yenyewe.

"Ni mapipa," alisema. "Mapipa ya oili haya. Kijana hakuyasafisha. Chuma kikikaa majini muda mrefu kinatema kilichomo. Mie nilijua, ndiyo maana nikasema hapa pafukiwe."

Kornelio aliinua kichwa. "Shemeji, si niliyachoma? Ulisimama palepale, ukanitania kama napika pilau."

Watu wakamgeukia Anselmo. Bado palikuwa na nafasi. Angeweza kusema labda nimesahau, labda ni kitu kingine, na mambo yangepoa. Kornelio alikuwa anamtazama bila hasira, anangoja tu, na ndani ya yale macho Anselmo aliuona tena mkono wake mwenyewe unaotetemeka. Kijana hakumwambia mtu mpaka leo. Anselmo alimchukia kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote.

"Sikuona moto wowote," alisema.

Jumbe akauliza mapipa yalitoka wapi. Kornelio akasema alipewa. Na nani? Dereva. Dereva alipoulizwa kule uwanjani aliogopa kibarua chake, akakana. Jioni askari wawili wakaja wakamchukua Kornelio kwa kosa la kuiba mali ya serikali. Hakupigana nao. Alipopita mbele ya nyumba ya dada yake aliomba afunge kamba ya kiatu, ili tu asimame pale kidogo.

Eufrazia alilia siku nzima. Anselmo alimwambia, "Nitazungumza na Jumbe, yataisha," na wakati anasema alikuwa karibu kuamini.

Bi Zuena akaja kama alivyotarajia. "Fundi, nisaidie. Watu wangu hawana maji." Anselmo alipokwenda kukisafisha kisima, alikuta wanaume wote wako kazini uwanjani, na wa kumvutia ndoo alikuwa Eufrazia peke yake, aliyejitolea mwenyewe bila kuulizwa. Bi Zuena aliingia ndani kupika.

Anselmo alifunga kamba ya mafundo kwenye shina la mkorosho, akaitupa kisimani. Kila hatua ya kushuka ilikuwa vita. Yale mapipa aliyoyadharau yalimzunguka imara, hata punje ya mchanga haikudondoka, na bado jasho lilimtoka. Alifika chini, maji meusi yakimfika kiunoni, akaanza kukwangua oili na kuipakia kwenye ndoo. Eufrazia akavuta ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne haikurudi.

"Mama Demetria! Shusha ndoo!"

Kisha akaona kamba ya mafundo inapanda, inapita mbele ya uso wake. Aliidaka, ikamponyoka kwa utelezi.

"Anselmo." Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu waoane. "Oili iliyokuwa kwenye debe nyuma ya choo iko wapi?"

"Shusha kamba!"

"Debe ni tupu. Nguzo hazijapakwa. Iko wapi?"

"Eufrazia, mie ni mume wako, nishushie kamba!"

"Nijibu, nitashusha."

Duara la mwanga kule juu lilikuwa dogo kama sahani. Kifua kilimbana, akausikia udongo wa Buguruni mwilini, uzito wake, ubaridi wake. Akaanza kupiga kelele, na katika kelele zile alisema. "Ni mie! Nimeimwaga mie! Nitoe, Eufrazia, kwa jina la Mungu, nitoe!"

Kamba ikashuka palepale. Alipotokeza juu alianguka kifudifudi, akahema mdomo ukiwa mchangani. Eufrazia alimwekea kopo la maji pembeni. Alikuwa analia.

"Basi twende kwa Jumbe," alisema. "Twende wote wawili. Useme kama ulivyosema mle. Kornelio atatoka, nami sitakusimanga kamwe. Nakuapia."

Alimaanisha. Anselmo alijua kabisa kwamba anamaanisha. Aliinuka, akanawa uso, wakaongozana. Njia nzima alikuwa na nia ya kusema. Lakini nje ya nyumba ya Jumbe palikuwa na watu wamekaa wanangoja mashauri yao, na mmoja wao akainuka kumpisha benchi. "Karibu, fundi."

Akakaa. Jumbe akauliza kuna nini. Eufrazia akamtazama mumewe, akampa nafasi aanze yeye.

"Jumbe," Anselmo alisema, "huyu mwanamke ametaka kuniua. Nilikuwa kisimani, akavuta kamba juu, akaniambia niseme kwamba mie ndiye mwenye kosa, la sivyo ananiacha nife. Yote ni kwa ajili ya ndugu yake. Muulize kama hakuvuta kamba."

Jumbe akamuuliza Eufrazia, "Ulivuta kamba?"

"Nilivuta," alisema, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Baada ya hapo hakuna aliyemsikiliza. Alizungumza habari za debe, za nguzo, za mchwa, na watu wakatikisa vichwa. Jumbe alimwambia ashukuru mumewe hamshitaki. Anselmo, kwa sauti ya upole, akasema amemsamehe. Watu wakamsifu.

Kornelio alifungwa. Anselmo alisimama mahakamani kama shahidi, akaulizwa juu ya mapipa, akajibu vizuri, kwa utulivu, kama mtu anayeijua kazi yake. Eufrazia aliwachukua watoto wakahamia kwa Bi Zuena, katika banda lilelile. Bi Zuena alikuwa amesikia makelele ya kisimani akiwa jikoni. Hakuyasikia maneno, lakini alisema mwanamume anayesingiziwa halii vile. Kisima wanawake walikisafisha wenyewe, wakichota na kumwaga siku hadi siku mpaka oili ikaisha.

Kazi zilimrudia Anselmo kidogo, kisha zikapungua. Watu wa kuvuta kamba walianza kupata udhuru. Mmoja alikuwa na msiba Kisarawe, mwingine alikuwa na mkono mbovu. Hakuna aliyemwambia kitu usoni. Angetamani mtu amwambie, apate wa kugombana naye.

Kornelio alipotoka gerezani aliamriwa arudi kwao kusini. Eufrazia akaamua kwenda naye pamoja na watoto. Habari zilimfikia Anselmo asubuhi ya safari yenyewe. Alivaa shati lake la kanisani, akachechemea mpaka barabara ya Pugu, pale malori yanapopakia. Njiani alitunga maneno. Angemwamuru mkewe ashuke. Au angemwomba. Alipofika alikuwa hajachagua.

Lori lilikuwa limejaa magunia na watu. Kornelio, amekonda, nywele zimenyolewa, alimwona akainamisha kichwa kidogo. "Shikamoo, shemeji." Anselmo hakuitikia.

Eufrazia alisogea ukingoni mwa lori. "Baba Demetria, watu ni hawa. Na wengi ni wa Kiwalani. Sema neno moja tu mbele yao, nitashuka na watoto sasa hivi."

Kelele za abiria zilipungua. Bi Zuena, aliyekuja kuwaaga, alisimama amejikunja katika kaniki yake. Dereva alizima injini. Wote walikuwa wanamtazama, na kwa kweli hakuna hata mmoja aliyekuwa na uso wa kumcheka. Neno lilikuwepo, alilihisi likigonga meno.

"Nendeni," alisema kwa sauti kubwa. "Mie ndiye niliyewafukuza."

Eufrazia alirudi nyuma, akakaa juu ya gunia, akamvuta mtoto mdogo mapajani. Injini ikawashwa. Lori likajongea, likashika barabara, na Demetria, aliyekuwa hajui kama wanakwenda moja kwa moja, akasimama katikati ya watu wazima akampungia baba yake mkono.

Anselmo aliinua wake. Ulifika usawa wa bega. Kisha akakumbuka kwamba wanamtazama, akaupeleka kichwani, akajikuna.